Kibao Kwanza: Madereva na Kamera za Mwendo wa Wastani

 Madereva, mada ya jioni hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ukumbini.

Anayeendesha njia ya Dar es Salaam kwenda Mbeya anaijua lugha ya taa. Gari linalokuja likikuwashia taa mara mbili mchana kweupe, unaondoa mguu kwenye mafuta, maana mbele kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Unampita kwa kilomita 48 kwa saa, mnapungiana mkono, na baada ya kona umesharudi kwenye 110. Ni kama darasa: hunyamaza mwalimu anapochungulia dirishani. Akipita, kelele hurudi. Tochi hupima nukta moja tu ya safari ya siku nzima, na madereva wamejenga ushirika imara wa kuhakikisha nukta hiyo ni safi. Laiti tungekuwa na ushirika kama huo kwenye kuzuia ajali!

Kamera ya mwendo wa wastani haina haja na nukta hiyo. Chukueni barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kilomita 50 hivi. Tuseme kamera moja inasoma namba ya gari linapoingia na kuandika saa, na nyingine inaisoma linapotoka. Kompyuta inagawa umbali kwa muda, basi. Aliyekwenda kwa 70 atatumia kama dakika 43. Aliyetokeza baada ya dakika 30 amekwenda kwa wastani wa 100, hata kama alipunguza kwenye kila tuta. Kuwashiana taa hakumsaidii. Njia pekee ya kuidanganya mashine ni kukimbia kisha kuegesha gari porini mpaka dakika zitimie, na pale Mikumi wenyeji wa kukukaribisha ni tembo na simba.

Mimi naiunga mkono kamera hii. Lakini naiunga mkono kwa sharti, na sharti lenyewe nimelipata kwa madereva.

Kabla ya kulitaja, tuitazame Uingereza, wenye uzoefu wa miaka mingi na kamera hii. Barabara ya A9 huko Scotland, kati ya Dunblane na Inverness, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa yake ni njia moja kwenda na moja kurudi, kama zetu. Serikali ya Scotland ilipotangaza kuifungia kamera za wastani, madereva na wafanyabiashara wengi waliwaka. Danny Alexander, mbunge wa huko na waziri katika serikali ya London, alikuwa upande wao. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema tatizo la A9 ni kuovateki. Malori makubwa yalilazimishwa na sheria kutozidi maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64, kwenye sehemu za njia moja. Nyuma ya kila lori ulikuwa mkia wa magari, na ndani ya kila mkia kulikuwa na mtu aliyechoka kusubiri. Ajali za uso kwa uso huzaliwa kwenye mkia huo.

Serikali haikuacha mpango wake, ila ilisikia. Kamera zilipowashwa Oktoba 2014, kikomo cha malori kwenye sehemu hizo kilipandishwa siku hizo hizo hadi maili 50, kilomita 80. Kabla ya hapo takriban dereva mmoja kati ya watatu alikuwa akizidisha mwendo. Katika miezi ya mwanzo akabaki mmoja kati ya kumi na watano. Kwa Uingereza kwa jumla, uchambuzi uliotolewa na taasisi ya utafiti ya RAC Foundation mwaka 2016 ulionyesha kuwa mahali palipofungwa kamera hizi, ajali za vifo na majeraha makubwa zilipungua kwa asilimia 36.

Nisiwafiche upande wa pili. Mwaka 2022 vifo vilipanda tena kwa kutisha kati ya Perth na Inverness, kamera zikiwa pale pale. Ahadi ya kuipanua A9 iwe ya njia mbili kila upande ifikapo 2025 ilikuwa haijatimia, na mwaka uliofuata serikali ikakiri kwamba haitatimia. Kamera hupunguza mwendo, haijengi barabara.

Turudi nyumbani. Lalamiko ninalolisikia zaidi ni kwamba kamera ni mradi wa kukusanya pesa. Hili silikubali. Kamera ya wastani ikitangazwa kwa vibao vikubwa na watu wakaitii, haiingizi kitu, na haina mkono wa kupokea chochote dirishani. Lakini lipo lalamiko jingine ambalo sina jibu lake. Dereva anaingia kijijini, anaona kibao cha 50, anatii. Nyumba zinaisha, mashamba yanaisha, pori linaanza, na kibao cha kumaliza 50 hakionekani. Kimeng'olewa, kimegongwa, au hakijawahi kusimikwa. Kwa tochi, huo ni mtego wa mahali pamoja. Kwa kamera ya wastani ni mtego wenye urefu wa kilomita.

Kuna pia suala la kadi ya gari. Magari mengi yamebadilisha mikono bila kubadilisha jina la mmiliki, kwa hiyo faini itamwendea aliyekwisha kuuza. Na penye tajiri mwenye gari na dereva aliyeajiriwa, nani alipe? Uingereza sheria yao ya mwaka 1988 inamtaka mwenye gari amtaje aliyekuwa anaendesha. Sisi tuongeze jambo: ikiwa ratiba ya basi haiwezekani bila kuvunja mwendo, tajiri naye atajwe.

Haya yote yana uzito kwa sababu ya hesabu moja. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa asilimia 4. Ndiyo maana wastani ndio wa kupimwa, si ile nukta mbele ya trafiki.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahandisi na Kikosi cha Usalama Barabarani ni hili. Anzeni na Mikumi, mahali ambapo kikomo kinaeleweka na hakuna kijiji cha kubishania. Kabla ya kwenda kwingine, pitieni barabara nzima pamoja na madereva wa mabasi na malori, mkague kibao kimoja kimoja. Na sharti langu ndilo hili: penye kibao cha kuanza 50 pasipo na cha kumaliza, kamera isifungwe.