Jina Jema Huanzia Bandani



Katika miaka 10 hii tumejifunza kwamba jina jema la nyama yetu huanzia bandani, wala si buchani. Nguruwe apewe maji safi, kivuli na mahali pakavu pa kulala. Asizurure, maana akila kinyesi cha mtu mwenye tegu huambukizwa, na nyama yake isipoiva humtia mlaji tegu vile vile. Kila dawa iandikwe daftarini, na siku za kungoja zitimie kabla ya kuchinja.

Lakini mtihani mkubwa ni homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Haimdhuru mtu, wala haina tiba. Nayo huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Huletwa na mabaki ya nyama yasiyochemshwa, viatu, hata gari la mnunuzi.

Hapa tukiri kosa. Wamo miongoni mwetu waliouza upesi nguruwe wagonjwa kwa kuogopa hasara, na maradhi yakawafikia majirani. Tuliwalaumu, lakini hatukuwa tumewawekea msaada wowote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi twaomba Mkutano Mkuu ukubali mambo mawili pamoja: afichaye ugonjwa atozwe faini, naye amwitaye Bwana Mifugo siku ile ile, banda lake likiisha kusafishwa na kuruhusiwa, apewe vitoto vya kuanzia upya kutoka mfuko wa Chama.