Kidonge cha Moyo, Maumivu ya Kichwa



Mimi si tabibu. Ni mfanyabiashara niliyeishia shule ya sekondari. Lakini mke wangu ana kipandauso kwa miaka mingi, na niliyojifunza kwa daktari wake yafaa yafike katika nyumba zenu.

Kipandauso si kichwa kuuma tu. Aghalabu hugonga upande mmoja, kwa saa 4 hadi 72, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Anayeumwa mara kwa mara huweza kuandikiwa dawa ya kunywa kila siku, hata siku asiyoumwa, ili kuyazuia maumivu yasije. Mojawapo ni propranololi, ambayo wengi waijua kuwa dawa ya moyo.

Hapo ndipo fitina huanzia. Ndugu hukiona kidonge, huuliza dukani, huambiwa ni cha moyo. Jioni ukoo mzima wanong'ona kwamba bibi harusi aliletwa akiwa mgonjwa. Naye, kwa aibu, huacha dawa.

Dawa hii ilibuniwa Uingereza na Mskoti James Black na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili kuupunguzia moyo mzigo kwa kuzuia nguvu ya adrenalini. Mwaka 1966 watafiti walieleza kwamba wagonjwa waliopewa kwa ajili ya maumivu ya kifua walipata pia nafuu ya kipandauso. Black alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Kwa hiyo, kuinywa si ushahidi wa moyo mbovu. Manjano tunayatia katika mchuzi, na manjano hayohayo twampaka bibi harusi. Hakuna aulizaye kwa nini anapakwa kiungo cha jikoni.

Hata hivyo, naomba tushike mambo matatu.

Kwanza, dawa hii haiazimwi kama sukari. Mwenye pumu yaweza kumbana pumzi hata kuhatarisha maisha. Mwenye mapigo ya moyo ya polepole yaweza kumdhuru. Mwenye kisukari yaweza kumfichia mtetemo na mwendo wa kasi wa moyo, dalili zinazomwonya kwamba sukari imeshuka. Daktari lazima aulize kwanza.

Pili, haiachwi ghafla, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Tatu, yataka subira. Huanzwa kwa kipimo kidogo, na manufaa yake hupimwa baada ya miezi miwili au mitatu. Siku za maumivu zikipungua kwa nusu, madaktari huhesabu kwamba imefaa. Basi tuweke daftari la siku hizo, kama tuwekavyo la duka. Daftari hilo litatuonyesha pia tunavyotumia dawa za kutuliza maumivu, kwani kuzimeza siku 10 au 15 kila mwezi, kwa miezi mfululizo, kwaweza kuleta maumivu mengine ya kichwa.

Neno la mwisho lahusu funga. Ekadashi huja mara mbili kwa mwezi, na njaa ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kipandauso. Wengi wetu hufunga kwa matunda na maziwa, na ibada haipungui. Basi mama mkwe asimhukumu mkwewe anayekula, wala asimwite mvivu aliyejifungia katika chumba chenye giza. Amfungie pazia, ampe maji, azuie kelele za watoto. Na akikiona kidonge, amwulize mwenyewe kwa upole, asiwaulize majirani.

Mungu aibariki jumuiya yetu na majirani zetu.