Jasho la Mwanamke na Milki Yake: Kutoka Paje hadi Kola



Nimetakiwa nizungumze hapa Kola, Machakos, juu ya kufaulu kwa wanawake katika taaluma, na faida ipatikanayo kwa uchumi wa nchi yenye mila nyingi ambayo wakazi wake aghalabu ni Waislamu. Na maadamu nchi ya sifa hizo iliyo jirani yetu kwa bahari na kwa lugha ni Zanzibar, walikochanganyika Wahadimu, Watumbatu, Waarabu, Wangazija, Wahindi na watu wa bara, nitaanzia huko, kisha nirejee katika vilima hivi, kwa kuwa naona swali la huko na la hapa ni moja: jasho la mwanamke ni milki ya nani?

Mwaka 1989 kilimo cha mwani wa biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na kwa vile wanaume wengi waliiona faida yake kuwa ndogo, kikawa kazi ya wanawake. Maji ya bamvua yakipwa, mwanamke huteremka na vigingi na kamba, akafunga mbegu kipande kwa kipande, na baada ya wiki sita hivi huvuna, akaanika, akamuuzia wakala. Na fedha ile ni yake. Hapa naomba tusite kidogo. Sheria ya Kiislamu, ijapokuwa katika mirathi humpa binti nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, humwachia mke milki kamili ya mali yake, wala mume hana ruhusa ya kuigusa pasipo ridhaa yake. Ndiyo maana fedha ya mwani iliponunua sare za shule, vyombo na mabati ya nyumba, ilijulikana ni ya nani. Wako wanaodai kwamba dini ndiyo iliyomzuia mwanamke wa pwani asitajirike, nami siafikiani nao hata kidogo. Kilichomzuia ni bei, maana kampuni chache zilizompa kamba na mbegu ndizo zilizopanga thamani ya kilo, na mwani ukasafirishwa mkavu hadi ng'ambo ukatolewe utomvu utiwao katika vyakula na dawa za meno, na sehemu kubwa ya faida ikabaki huko huko.

Kisha bahari ikazidi joto, na mwani mnene, ambao ndio wenye bei nzuri, ukawa unakufa katika maji ya kina kifupi. Katika dhiki hiyo ndipo nionapo kazi ya taaluma. Dakta Flower Msuya, mtaalamu wa elimu ya bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwafuata wakulima pwani, akajaribu pamoja nao nyavu mfano wa mirija za kupandia penye kina kirefu, na tangu mwaka 2006 akashiriki kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali, hata wanawake wakajifunza kuusaga mwani na kuufanya sabuni. Shida haijesha, kwa sababu kina kirefu kinataka chombo na kinataka kuogelea, na wengi wao hawakufundishwa.

Na njia ya mwanamke wa huko kuifikia taaluma ilikuwa ndefu: shule ya kwanza ya serikali ya wasichana Unguja ilifunguliwa mwaka 1927. Na mwezi wa Machi 2021 Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, kusini ya vijiji hivyo vya mwani, akawa Rais wa Tanzania. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini mimi mizani yangu naiweka pale mwanamke aliyesoma anapokutana na yule aliyesimama majini.

Nanyi watu wa Kola mnalo la kujivunia. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ya Machakos ilijulikana kwa ardhi iliyochakaa, na serikali ya kikoloni ilipotaka kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kupinga. Baadaye, wanaume wengi wakiwa mbali wakitafuta mishahara, akina mama katika vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, walishika majembe wakachimba matuta mnayoyaona, na jioni wakasuka vyondo vya katani. Hata watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walipochapisha kitabu chao mwaka 1994, walionyesha kwamba watu wa Machakos wameongezeka mara tano na zaidi, na mmomonyoko umepungua. Ajabu hiyo ni kazi ya mama zenu. Ila mashamba yalipopimwa, hati aghalabu ziliandikwa jina la baba, na asiye na hati hana dhamana ya kuipelekea benki, wala kinga siku ya kufiwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi huo katika ardhi, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 imeuhesabu mchango wa mke, hata ule usiolipwa fedha. Basi nawasihi mabinti wa Kola mliosoma sheria, upimaji na uhasibu, mlioko Machakos mjini na Nairobi: njooni mkae na mama zenu, mzisome hati hizo pamoja nao, na majina yao yaandikwe.