Kisigino cha Mtoto Kabla ya Cheti cha Wachumba: Selimundu Kando ya Ziwa



Kuna kauli inayozunguka hapa Mwanza. Nimeisikia redioni, nimeisikia mimbarini na kwenye semina za vijana, na hata kutoka kwa daktari mwenzangu ninayemheshimu sana. Inasema kwamba ugonjwa wa selimundu ungekwisha Kanda ya Ziwa katika kizazi kimoja kama wachumba wote wangelazimishwa kupima damu, na wawili waliobeba jeni yake wakakatazwa kuoana. Nimealikwa nizungumzie jenetiki ya binadamu na afya ya jamii, somo pana kuliko saa moja. Nitaomba radhi kwa mambo mengi nitakayoyapita mbio, kwa sababu sehemu kubwa ya saa hiyo nataka kuitumia kuipinga kauli hii. Naamini inatuchelewesha, na katika kuchelewa huko watoto wanakufa.

Biolojia yenyewe wengi wenu mnaifahamu: herufi moja imebadilika katika jeni, amino asidi moja ikabadilika katika himoglobini, na chembe nyekundu ya damu inajikunja inapokosa oksijeni. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja ni mbebaji, na kwa kawaida anaishi bila kuumwa. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye tunayemlaza wodini.

Jeni hiyo imefikaje kwetu kwa wingi namna hii? Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walichapisha ramani ya jeni hii nchini Uganda, na maelezo yao yalikuwa ya asili za makabila: nani ametoka wapi, nani amechanganya damu na nani. Mwaka huohuo kijana Anthony Allison, aliyekulia Gilgil nchini Kenya, alizunguka nchi hiyo akipima damu. Akaona kwamba watu wa pwani na wa kando ya Ziwa wana jeni hii kwa wingi, na watu wa nyanda za juu ni kama hawana. Palipo na mbu, jeni ipo. Mwaka 1954 akatoa hoja ambayo sasa imo katika kila kitabu cha jenetiki duniani, kwamba mbebaji amekingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali.

Watu hunukuu makala hizo za 1954. Mimi hupenda zaidi takwimu alizochapisha 1956, maana zinatoka Musoma, kwa jirani zetu. Allison alipima watoto wachanga 287. Wasio na jeni walikuwa 189, wabebaji 89, na wenye ugonjwa 9. Kisha akapima watu wazima 654 wa eneo hilohilo: wasio na jeni 400, wabebaji 249, na wenye ugonjwa 5. Tulieni kidogo na tarakimu hizo. Wabebaji ni asilimia 31 ya watoto, lakini ni asilimia 38 ya watu wazima. Hawakuongezeka kwa kuzaliwa baadaye. Wameongezeka kwa sababu wenzao wasio na jeni wamepungua, wakichukuliwa na malaria. Wenye ugonjwa nao wameshuka kutoka asilimia 3 hivi hadi chini ya asilimia 1. Kifo kimeonyeshwa humo bila kaburi hata moja kuhesabiwa.

Kila mwaka huwaandikia wanafunzi tarakimu hizo ubaoni, na kila mwaka jicho langu huenda kwa wale watu wazima watano. Walizaliwa Mara enzi za ukoloni, bila chanjo na bila dawa ya kinga, wakapita utoto wote na selimundu mwilini mpaka wakawa watu wazima waliompa mtafiti damu yao. Aliwanywesha nani maji kila saa? Nani aliwafunika baridi ya ziwani usiku? Jedwali halisemi. Linathibitisha tu kwamba mtoto mwenye selimundu anaweza kuwa mtu mzima, hata pale ambapo karibu kila kitu kinampinga.

Sasa nairudia ile kauli. Hesabu yake darasani ni sahihi, na nitaifanya mbele yenu. Kwetu mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Uwezekano wa wabebaji wawili kukutana ni mmoja kati ya 25, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ugonjwa. Hiyo ni mtoto mmoja kati ya mia. Utafiti uliofanyika hapahapa Mwanza, katika hospitali ya Bugando, ukachapishwa 2020, ulipima damu ya watoto 17,200 kutoka mikoa tisa ya kaskazini-magharibi: wabebaji asilimia 20.3, wenye ugonjwa asilimia 1.2. Hesabu na kipimo vinakaribiana sana. Kwa hiyo, mwenye kauli husema, vunja zile ndoa moja kati ya 25 na kazi imekwisha.

Lakini watu wameshajaribu. Katika kijiji cha Orchomenos, Ugiriki, mtafiti Stamatoyannopoulos na wenzake walipima wanakijiji, wakawaeleza majibu, wakawashauri. Walipofuatilia na kutoa taarifa mwaka 1974, walikuta ndoa za wabebaji wawili zimebaki takriban kiasi kilekile ambacho kingetokea kama hakuna aliyepimwa. Baadhi walificha majibu. Aibu ilikuwa imeingia kijijini, na ugonjwa haukuwa umetoka. Majimbo kadhaa ya Marekani katika miaka ya 1970 yalitunga sheria za kupima kwa lazima, na watu wazima wenye afya zao wakanyimwa kazi na bima kwa sababu tu ni wabebaji. Linus Pauling, ambaye mwaka 1949 alionyesha na wenzake kwamba ugonjwa huu umo ndani ya molekuli yenyewe, mwaka 1968 alipendekeza wabebaji wachanjwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane. Mtu mwenye tuzo mbili za Nobel! Akili kubwa ikishaamua kwamba tatizo ni ndoa za watu, inaweza kufika hapo.

Wanaonipinga hunitajia Kupro, na ni haki yao. Huko kanisa lilianza mwaka 1983 kudai cheti cha kipimo cha thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kabla ya kufungisha ndoa, na kuzaliwa kwa watoto wagonjwa kukapungua hadi karibu na sifuri. Ni kweli. Ila wachumba wachache tu waliachana. Wengi walioana, kisha wakapima mimba na kuitoa pale ilipoonekana mtoto ana ugonjwa. Sheria yetu hairuhusu hilo, na anayetumia mfano wa Kupro mimbarini lazima awaambie waumini wake sehemu hiyo pia.

Niwaambie na langu. Binti wa mjomba wangu alichumbiwa, mahari ikapokelewa, ng'ombe wakaingia zizini. Mchungaji akashauri wapime. Wote wawili walikuwa wabebaji. Uchumba ukavunjika, ng'ombe wakarudishwa, na habari iliyobaki kijijini ilikuwa kwamba binti ana damu mbaya. Majibu ya mwanaume, ambayo yalikuwa sawasawa na ya kwake, hakuna aliyeyataja. Baadaye alizaa na mwanaume mwingine, bila harusi na bila cheti, kama watoto wengi wa nchi hii wanavyozaliwa. Mtoto hajafikisha mwaka, viganja na nyayo zikavimba, akawa analia kila anapobebwa. Majirani wakasema karogwa. Dawa za maumivu alipewa mara nyingi. Kipimo alikuja kukipata akiwa na miaka mitatu, alipoletwa hospitali amekwisha damu. Cheti kile kilimvunjia mama uchumba na hakikumkinga mtoto huyu kwa lolote. Tone la damu kutoka kisiginoni, akiwa na wiki sita, lingetosha.

Hapo ndipo ninaposimama, na nimepima hoja za kila upande kabla ya kusimama. Anayetaka kupima kabla ya ndoa apime, ashauriwe vizuri, kisha aamue mwenyewe. Fedha za umma, sauti za viongozi na nguvu za serikali zielekezwe kwa mtoto mchanga. Mwaka 1986 utafiti wa Marilyn Gaston na wenzake ulionyesha kwamba penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku hupunguza kwa asilimia 84 maambukizi ya bakteria wanaowaua watoto hawa. Penisilini! Dawa ya zamani, ya bei ya chini. Mwaka 2019 utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ulionyesha kwamba kwa watoto wanaotumia dawa ya haidroksiurea, maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 ni ushindi mkubwa wa sayansi, nami naishangilia, lakini bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa Ukerewe hataisubiri kama haijulikani kwamba yupo.

Njia ya kumjua tunayo. Matone ya damu ya wale watoto 17,200 hayakuchukuliwa upya. Yalikuwa yamekaushwa kwenye kadi zilizoletwa maabara kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga. Kadi hizo husafiri kila wiki kutoka vituo vya visiwani na vijijini. Wahudumu wanajua kuchoma kisigino, maabara ipo, na karibu kila mama huleta mtoto kliniki wiki ya sita kwa ajili ya chanjo.

Kwa hiyo nawaomba waganga wakuu wa mikoa ya kanda yetu: chanjo ya wiki ya sita iende pamoja na kadi ya selimundu kwa kila mtoto, na penisilini isikosekane katika zahanati yoyote ambako majibu yatarudi. Nanyi wachungaji na mashehe, msidai cheti cha selimundu kabla ya kufungisha ndoa. Mama akiwaletea mtoto wa kubarikiwa au wa akika, muulizeni kama ameshapimwa.