Hyrrokkin: Adui Aliyeitwa Mazishini



Majitu ya hekaya za Skandinavia tumezoea kuyaona kama maadui wanaosubiri zamu ya kupondwa na nyundo ya Thor, mungu wa ngurumo. Jioni hii nimemchagua mmoja ambaye miungu wenyewe walituma aitwe. Snorri Sturluson, mwanasiasa na mshairi wa Iceland aliyeuawa mwaka 1241, alimpa mistari michache tu katika kitabu chake, Edda.

Baldr, mwana wa Odin, mkuu wa miungu, amekufa. Maiti inapelekwa ufukweni ichomwe ndani ya merikebu yake, Hringhorni, kubwa kuliko zote. Miungu wanataka kuishua, haisogei. Ndipo wanapotuma ujumbe Jötunheimr, nchi ya majitu, na Hyrrokkin anakuja amempanda mbwa mwitu, hatamu zake nyoka. Aliposhuka, Odin aliwaita wapiganaji wanne, wale wa kupandwa na mori vitani, wamshikilie mnyama yule. Hawakumweza mpaka walipomwangusha chini. Hyrrokkin akaiendea omo, akasukuma mara moja. Magogo yaliyokuwa chini ya merikebu yakatoa moto, nchi zote zikatetemeka.

Thor akaghadhibika. Akaikamata nyundo, na angempasua kichwa mgeni huyo kama miungu wote wasingemwombea amani.

Kwa nini ghadhabu? Snorri hasemi. Mimi naona ni fedheha: mwenye sifa ya nguvu kuliko miungu wote amesimama pale pale ufukweni, na kazi imefanywa na mwanamke wa upande wa pili. Tena tazameni kinachofuata. Thor anazibariki kuni za mazishi kwa nyundo ile ile, kibeti aitwaye Litr anapita mbele ya miguu yake, naye anampiga teke hadi motoni. Litr hakuwa na kosa lolote ila kupita wakati mbaya.

Hyrrokkin hakubuniwa na Snorri. Zaidi ya miaka 200 kabla yake, mshairi Úlfr Uggason aliisifu michoro ya ukumbi wa Hjarðarholt, Iceland, na humo jitu la kike linaisukuma merikebu. Huko Hunnestad, kusini mwa Uswidi, lilichongwa jiwe lenye mtu aliyepanda mbwa mwitu, nyoka mikononi; leo liko Lund, na wataalamu wengi humtambua kuwa ndiye. Mchongaji hakumweka Thor wala merikebu.

Lakini upo ubeti wa mshairi Þorbjörn dísarskáld unaomtaja Hyrrokkin kati ya waliouawa na Thor. Ama amani ile ya ufukweni ilikuwa ya siku moja, ama tuna mapokeo mawili yasiyopatana. Naelekea hili la pili, kwa kuwa aliyetuhifadhia ubeti huo ni Snorri mwenyewe, na hakujaribu hata kidogo kuupatanisha na kisa cha mazishi.