Mwaka Ukifika Kati

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na viongozi huko Myamba, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu)



Nimepewa heshima ya kusema maneno machache, na Halmashauri imeniachia nichague jambo la kusema. Wengine wamekwisha kutusimulia habari za Chama, na hesabu zake zina mahali pake katika kitabu hiki, sitazirudia. Jambo nililolichagua ni dogo kwa kulitazama, nalo lahusu nyumba ya kila mmoja wetu. Mtu afanye nini mwaka ukiwa umefika kati, naye akitazama nyuma aona ya kwamba yale aliyoyakusudia mwezi wa Januari hayajafanyika?

Kila mwenye jamaa huanza mwaka na makusudi. Huyu ataezeka nyumba kwa bati. Yule ataondoa mibuni iliyozeeka na kupanda miche mipya. Mama fulani atanunua ng'ombe wa maziwa, na kijana wake ameapa kwamba mwaka huu hatauza tangawizi ikali udongoni. Yote ni makusudi mema. Kisha huja masika, huja msiba, huja ugonjwa wa mtoto, huja arusi ya mpwa ambayo haikuwamo katika hesabu. Na Juni ikiisha, mtu huona haya hata kuyataja makusudi yake mwenyewe.

Yafaa kwanza tuitazame kalenda yenyewe, kwa maana naona imetuonea. Januari ni mwanzo wa mwaka kwa mwenye kalenda ya ukutani. Mkulima wa milima hii ana mwaka mwingine. Masika yetu ni ya Machi hadi Mei. Vuli yetu huanza Oktoba. Julai ni mwezi wa baridi na ukungu, mwezi wa kuanza kuangalia buni nyekundu mitini, kukarabati mifereji na kupanga shamba la vuli. Serikali nayo huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, wala hakuna aliyepata kuicheka kwa kuchelewa miezi sita. Hata mtoto aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano huanza masomo yake Julai. Tena fanyeni hesabu: tangu tarehe 1 Januari hadi mwisho wa Juni ni siku 181, na tangu tarehe 1 Julai hadi mwisho wa Desemba ni siku 184. Nusu iliyobaki ni ndefu kuliko nusu iliyokwisha kupita.

Lakini sisemi ya kwamba kila kitu chaweza kukombolewa. Shamba halidanganyiki kwa maneno matamu. Tangawizi yataka miezi minane hadi kumi udongoni; aliyekosa kuipanda kwa wakati wake hawezi kuivuna Desemba, hata akesha shambani na taa. Mbuni uliokatwa shina ili uchipue upya utakaa kama miaka miwili kabla ya kukupa mavuno ya kuhesabika. Maharage, kwa upande mwingine, hukomaa kwa miezi mitatu hivi, na mwenye zamu ya maji anaweza kuyapanda Julai akayavuna kabla vuli haijashuka. Basi kazi ya kwanza ya mtu anayetaka kurudi katika njia yake ni kuyapanga makusudi yake mafungu mawili: yale ambayo majira yake yamekwisha kupita, na yale ambayo majira yake yangalipo. La kwanza na aliandike katika ukurasa wa mwaka ujao bila kununa. La pili ndilo la kushika jembe.

Wazee wetu walitufundisha jambo hili kwa ndiva. Wageni watakaosoma kitabu hiki huenda wasijue. Ndiva ni bwawa dogo la kukingia maji ya kijito. Maji ya mchana hayatoshi, basi huachwa yajae usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Sasa mwenye zamu akifika akakuta ndiva imejaa nusu, hafungui maji yakatawanyika shamba zima. Akifanya hivyo vumbi litalowa na mizizi itabaki mikavu. Huchagua matuta machache, akayanywesha barabara, mengine akayaacha yangoje zamu nyingine. Mtu aliyefika Julai na makusudi saba, akataka kuyakimbilia yote saba kwa sababu ameona aibu, anafungua ndiva nusu kwa shamba zima.

Tuchukue mfano wa fedha. Mtu aliazimia kuweka akiba ya shilingi 600,000 kwa mwaka ili aezeke nyumba, yaani shilingi 50,000 kila mwezi. Juni imekwisha naye ana shilingi 110,000. Zimebaki 490,000, na miezi sita. Akigawanya, atapata karibu shilingi 81,700 kwa mwezi. Hapo wengi hukata tamaa, nao wana haki ya kukata tamaa kwa hesabu hiyo, kwa sababu aliyeshindwa kupata 50,000 hatapata 81,700 kwa kuapa tu. Kosa limo katika kugawanya. Kugawanya kwa miezi ni desturi ya mwenye mshahara. Mkulima hana mshahara, ana msimu. Mwenye kahawa hupata malipo ya awali anapoleta mzigo, na malipo ya pili yakiwapo hufuata baada ya kahawa kuuzwa. Basi na aseme: katika kila mzigo nitakaopeleka, sehemu fulani haitafika nyumbani, itabaki katika akiba yangu siku ile ile, kabla mkono haujaiona. Na kama hata hivyo hesabu haifiki 490,000, na aezeke vyumba viwili mwaka huu. Vyumba viwili visivyovuja ni nyumba. Bati za kichwani haziwezi kukinga mvua.

Na malipo ya pili! Nisipoyataja nitakuwa sikusema kitu. Ni nani kati yetu asiyejua jinsi malipo ya pili yanavyoliwa kabla hayajatoka Moshi? Yamekopewa sukari, yamekopewa mchango wa arusi, yamekopewa pikipiki, na siku yanapofika mwenyewe hupokea karatasi tu.

Sasa nafika mahali ambapo nataka kukaa kidogo, hata kama Bwana Mwenyekiti ataitazama saa yake.

Katika miaka kumi hii, sijaona jambo lililowadhuru wanachama wetu kuliko haya. Mtu amekopa, kwa nia njema, ili anunue mbegu na mbolea. Aprili hakulipa. Mei hakulipa. Juni akaanza kuikwepa njia ipitayo ofisini. Akimwona Katibu sokoni, huyu hupinda kwa wauza ndizi. Mkutano ukiitwa, yeye ana mgonjwa. Simu ikilia hataki kuipokea. Wakati huo huo deni halilali, riba inahesabiwa, na wadhamini wake, ambao ni jirani zake na pengine shemeji yake, wanaitwa kujibu kwa akiba zao. Mwisho wake hujulikana. Mchuuzi hupanda mlima na fedha mkononi, akainunua tangawizi yake ikiwa bado changa udongoni, kwa bei atakayo mchuuzi. Mtu amepoteza mavuno, amepoteza jina, amepoteza shemeji. Na yote hayo kwa deni ambalo lingeweza kupangwa upya kama angalikuja mapema kusema.

Yafaa ieleweke na wote, wanachama kwa watumishi. Mwanachama anayekuja mwenyewe akasema, "Ndugu zangu, sikuweza, ninacho hiki, na mavuno yangu ni mwezi fulani," huyo bado ni mkopaji mwaminifu. Kamati ya Mikopo ina jambo la kuzungumza naye. Anayejificha huifanya Kamati iseme na wadhamini badala yake. Nanyi mliokaa mezani, karani na wajumbe, nawaomba msimkaribishe mtu wa namna hiyo kwa mahubiri mbele ya foleni. Mtu aliyeteremka mlima kuja kukiri deni amekwisha kujihubiria njia nzima. Fungueni kitabu, mpeni kiti, hesabuni naye.

Katika nchi hii ya Upare walikuwako Washana, watu wa ukoo wa wahunzi, ambao chuma chao kilitakiwa hata na majirani wa Kilimanjaro. Twasema katika Kiswahili kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nadhani tunaoishi milimani humu tunalielewa neno hilo kuliko wengine, kwa kuwa mhunzi hakwenda dukani kutafuta koleo jingine. Alilifua mwenyewe, katika moto ule ule alioutumia kabla halijavunjika.

Wala si watu binafsi tu wanaosimama katikati ya safari na kuulizana. Serikali ya nchi yetu ilianza Mpango wake wa Kwanza wa Miaka Mitano tarehe 1 Julai 1964, uishe Juni 1969. Ulikuwa na makusudi makubwa: kufikia mwaka 1980 pato la kila mtu liongezeke zaidi ya mara mbili, nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake, na umri wa kuishi ufike miaka 50. Sehemu kubwa ya fedha ilitazamiwa kutoka ng'ambo, nazo hazikuja kama zilivyotazamiwa. Mpango ulipofika katikati, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Humo viongozi walisema wazi, mbele ya taifa zima, ya kwamba tumetegemea mno fedha, na hasa fedha za watu wengine, hali msingi wa maendeleo ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hawakungoja miaka mitano iishe ndipo waseme. Yaliyofuata baadaye kila mtu atayapima kwa mizani yake. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, hata Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirudisha, na sidhani yuko mtu hapa atakayenishawishi ya kwamba kulikuwa na haja ya kuvivunja. Lakini ile tabia ya kufungua hesabu katikati ya njia, mbele ya watu, naisifu.

Tena ni neno la kuzingatia kwamba hesabu ile ilifunguliwa mbele ya watu. Makusudi ya siri hufa kimya kimya. Wako waume waliokusudia mambo makubwa Januari wala wake zao hawakuambiwa. Mwanamke wa watu anauza ndizi sokoni Jumatano, fedha inakwenda kwenye mafuta na chumvi, hajui ya kuwa angeweza kuiweka kwa ajili ya bati. Kisha mume hulalamika kwamba nyumbani hakuna ushirikiano! Wako pia akina mama wanaoficha akiba zao, nami sitawalaumu, maana wanazijua sababu zao. Ila hata aliye na sababu ya kumficha mume na awe na mwenzake mmoja katika kikundi anayejua, atakayemwuliza kila mwezi, "Ile ng'ombe imefika wapi?"

Wale wafumaji na wenzao 28 wa Rochdale huko Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika tarehe 21 Desemba 1844, walikusanya mtaji wao kwa peni chache kila juma. Mshahara wao ulikuwa mdogo kiasi cha kusikitisha. Hawakuachiana kila mtu akumbuke peni zake. Walichagua watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Mtaji wao ulipofika pauni 28 wakafungua duka lenye unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine. Nani angeona haya kuwa na mtu wa kumgongea mlango, ikiwa wale wenye kuanzisha ushirika walimhitaji?

Kwa hiyo nimeiomba Halmashauri, nayo imekubali, ya kwamba kila chama cha msingi kitenge siku moja katika majuma mawili ya kwanza ya Julai, Katibu akae na kitabu wazi tangu asubuhi hadi jioni, na mwanachama yeyote aje, peke yake au na mwenzi wake, aonyeshwe akiba yake, deni lake, na kilo alizoleta msimu uliopita. Hatatozwa kitu. Ataandika, au ataandikiwa, jambo moja au mawili anayotaka yawe yamekamilika Desemba, pamoja na jina la mtu atakayemwuliza. Karatasi ataondoka nayo mwenyewe; ofisini haitabaki.

Wenye marejesho yaliyochelewa wataonwa kwanza, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Na kwa kuwa msaragambo wa kusafisha ndiva na mifereji nao ni wa mwezi huo, nawasihi wenyeviti wa vyama wasiweke mambo yote mawili siku moja. Mwaka ambao yatagongana, watu watachagua maji, nami nitakuwa pamoja nao na jembe langu.