Mifuko sita chini ya Nyiragongo

Tangu kambi za waliokimbia vita zilizouzunguka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, zivunjwe Februari 2025, familia nyingi zimerudi vijijini, upande wa Kibati na Kibumba. Mbao na mabati huja kwanza. Sakafu husubiri, na si kwa uvivu.

Tupige hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 5, saruji ya unene wa sentimita 5, hutaka mita moja ya ujazo: karibu mifuko 6 ya kilo 50. Hiyo ni kwenye ardhi tambarare! Kibati inakaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, nyingine ya 1977, nyingine ya 2021. Ina makali na mashimo. Usipoisawazisha kwa nyundo na mawe madogo, inakumezea mfuko wa saba na wa nane. Mchanga mweusi upo. Maji ndiyo shida: lava haiyashiki, mito hakuna, na mchanganyiko huo hutaka bidoni kama 8 za lita 20. Ni mvua ya paa, au kununua.

Halafu usafiri. Chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hushuka na viazi vya Kibumba kwa mbio. Kupandisha saruji ni kusukuma, na kila kilima kina bei yake. Mkopo je? Benki za Goma zilifungwa Januari 2025.

Wagawaji wa misaada huhesabu maturubai na mabati. Kwa maoni yangu, mifuko sita ya saruji kwa kila nyumba ilipaswa kuwa kwenye orodha hiyo tangu siku ya kwanza.